BATI LA ALUMINI KWA SAKAFU YA MOTOKAA

Kila mtoto wa Bariadi amewahi kuunda motokaa. Alikata kopo, akakunja waya, akachonga magurudumu kutoka kandambili kuukuu, kisha akaisukuma kwa fimbo mpaka mama alipomwita kula. Huko ng'ambo wako watu wazima ambao hawakuuacha mchezo huo. Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alianza kuuza motokaa ndogo iitwayo Lotus Seven, na wanunuzi wengi waliipokea ikiwa vipande vipande, wakaiunganisha wenyewe nyumbani. Sababu haikuwa upenzi wa kazi tu. Motokaa kamili ilitozwa kodi ya mauzo, lakini vipande havikutozwa. Motokaa hiyo ilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, na juu ya fremu yalipigwa mabati ya alumini.

Hapa kwetu nako mikono haijalala. Kibaha, mkoani Pwani, mafundi wa Nyumbu waliunda malori ya Kitanzania, na mwezi Machi 2022 Bwana Masoud Kipanya, mchoraji wa katuni, aliwaonyesha watu motokaa ya umeme aliyoiunda Dar es Salaam. Basi si ajabu kwamba wanafunzi wapendao ufundi huuliza: tukitaka kuunda motokaa, au kutengeneza upya sakafu ya gari la zamani, tutumie bati gani? Wengine hujibu upesi, "Alumini, maana haishiki kutu." Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iwezayo kuvunja mguu wa mtu.

SAKAFU YAFANYA KAZI TATU

Kwanza, sakafu hubeba miguu na mizigo. Pili, huzuia vumbi, maji, mawe na moshi wa injini visiingie ndani. Kazi hizi mbili kila mtu azijua. Kazi ya tatu haionekani kwa macho, nayo ni kuishika fremu isipinde upande.

Fanya jaribio dogo. Chukua vijiti vinne, uvipigilie msumari mmoja mmoja kwenye pembe upate umbo la mlango. Sukuma pembe moja: mlango wote walala upande. Sasa pigilia ubao mwembamba juu yake pande zote nne, kisha sukuma tena. Hausogei. Vivyo hivyo katika motokaa nyepesi yenye fremu ya mabomba, sakafu iliyofungwa vizuri ndiyo ubao ule. Gurudumu moja likiingia shimoni, sakafu husaidia fremu nzima kustahimili. Kwa hiyo anayechagua bati la sakafu asidhani kwamba anachagua zulia.

HESABU YA UZITO

Mita moja ya mraba ya bati la chuma lenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Bati la alumini la ukubwa na unene huo huo lina kilo 2.7 tu, yaani karibu theluthi moja. Hapo wengi hufurahi na kwenda kununua. Lakini ngoja kidogo. Alumini hupinda kwa urahisi mara tatu kuliko chuma. Ukibadilisha chuma kwa alumini ya unene ule ule, sakafu itabonyea chini ya kisigino na kulia kama ngoma kila gari likipita penye matuta.

Dawa yake ni unene. Ukakamavu wa bati lisipinde huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ukiongeza unene kutoka milimita 1 hadi 1.5, ukakamavu huongezeka 1.5 x 1.5 x 1.5, yaani mara 3.375. Basi alumini ya milimita 1.5 hulingana na chuma cha milimita 1, hata kukizidi kidogo. Na uzito je? Kilo 4.05 kwa mita ya mraba, ambao ni kama nusu ya uzito wa chuma.

Tuseme sakafu yetu ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.5. Eneo lake ni mita za mraba 1.8. Kwa chuma cha milimita 1 tutapata kilo 14.13, kwa alumini ya milimita 1.5, kilo 7.29. Tumeokoa kilo 7 kasorobo hivi. Hazifiki hata ndoo ndogo ya maji! Yafaa kulisema jambo hili waziwazi. Kama shabaha yako ni wepesi tu, sakafu peke yake haitakupa mengi. Sababu kubwa ya kuchagua alumini ni kwamba haioshwi na kutu nyekundu, tena hukatwa na kukunjwa kwa vyombo vya kawaida. Asiyeweza kuilinda kama tutakavyoeleza mbele, afadhali atumie chuma kizuri kilichopakwa rangi.

ALUMINI SI MOJA

Hapa ndipo wengi hupotea. Neno "alumini" ni kama neno "mti". Mninga ni mti na mpapai ni mti, lakini hakuna fundi anayechonga mlango kwa mpapai.

Alumini tupu ni laini mno. Ndiyo maana viwandani huichanganya na madini mengine kidogo, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Aloi za mabati hupewa namba yenye tarakimu nne, na tarakimu ya kwanza hueleza jamii yake.

Jamii ya 1, kama 1050, ni alumini karibu tupu, asilimia 99.5. Hukunjika vizuri sana nayo haili haraka, lakini jiwe likiirukia hubonyea. Yafaa kwa sufuria na vifuniko.

Jamii ya 2, kama 2024, ina shaba. Ni ngumu sana, na hutumika katika ndege. Lakini shaba hiyo hiyo huifanya iliwe upesi na unyevu isipolindwa. Asije mtu akakudanganya kwa kusema, "Hii ni ya ndege, hakuna kama hii." Ndege haitembei katika matope ya mbuga.

Jamii ya 3, kama 3003, ina manganisi. Ni ngumu kidogo kuliko ya kwanza, nayo yafaa kwa kazi nyepesi.

Jamii ya 5 ina magnesiamu. Humo mna 5251 na 5052, na 5083 ambayo hutumika sana katika vyombo vya majini. Hustahimili maji na hukunjika bila kupasuka. Bati la 5052 la ugumu wa robo huhimili nguvu takriban mara mbili ya 1050 ya nusu ugumu kabla ya kupinda moja kwa moja.

Jamii ya 6, kama 6061 na 6082, ina magnesiamu na silikoni. Hutiwa nguvu kwa moto kiwandani, na alama yake huwa T6. Ni ngumu kuliko 5052, lakini ukiikunja kwa pembe kali hupasuka, na ukiichomelea hupoteza nguvu nyingi karibu na mshono.

Kwa sakafu, basi, jamii ya 5 ndiyo ya kuchagua, yaani 5251 au 5052. Wala shauri hili si jipya. Land Rover, ambayo wazee wetu waliizoea tangu zamani, ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Kwa hiyo chasisi ilifanywa ya chuma, lakini sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa Birmabright, nayo ni alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa maonyesho, na kati ya magari yaliyofika hapo yamo makuukuu ambayo bodi zake zimeishi kuliko mafundi waliozifunga.

UGUMU NA KUKUNJA

Baada ya namba huja herufi. O maana yake bati limelainishwa kabisa. H32 au H22 ni ugumu wa robo. H34 au H24 ni nusu ugumu. Kwa sakafu yenye kingo za kukunja, chukua H32 au H22.

Usikunje kwa pembe kali kama karatasi. Weka kipande cha bomba au ubao uliochongwa mviringo, ili upande wa ndani wa mkunjo uwe na duara. Nusu kipenyo chake kisipungue mara moja na nusu ya unene wa bati. Kama umelazimika kutumia 6061 T6, fanya duara liwe mara tatu au zaidi. Tena tazama mistari myembamba iliyoachwa na mashine juu ya bati: kunja kwa kuikata mistari hiyo, usiifuate, maana ukiifuata ndipo ufa huanza.

Usichore mahali pa kukunja kwa msumari. Mchoro wa msumari ni ufa mdogo, na alumini haisahau jeraha. Chuma kikitikiswa kwa nguvu ndogo chaweza kustahimili pasipo kikomo, lakini alumini huchoka kidogo kidogo mpaka ikapasuka. Barabara kuu ipitayo Lamadi, Bariadi na Maswa ina lami, lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, na mtikisiko wake ni mtihani. Chora kwa kalamu ya wino mzito. Hata penseli haifai, kwa kuwa unga wake mweusi hula alumini mahali penye unyevu.

Kama bati limekuwa gumu kwa kugongwa, mafundi wa zamani walikuwa na hila nzuri. Walilipaka sabuni ya kipande, wakalipasha moto taratibu upande wa pili mpaka sabuni ikawa nyeusi, kisha wakaliacha lipoe. Hapo bati hurudia ulaini wake. Sabuni ni ya lazima, kwa maana alumini haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma. Huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi, na anayengojea iwe nyekundu ataona imedondoka chini. Lakini kumbuka kwamba bati lililolainishwa hivyo limepoteza ugumu wake. Fanya hivyo kwenye kona ngumu tu, usifanye sakafu nzima.

UNENE

Milimita 1.2 yatosha pale ambapo hapakanyagwi. Chini ya miguu weka 1.5 au 1.6, na kwa gari litakalobeba mizigo, milimita 2. Zaidi ya hapo utabeba uzito bure. Kama bado sakafu yalia, usikimbilie bati nene, bali lipige mifereji michache. Tazama paa la darasa: bati lake ni jembamba sana, lakini migongo yake hulifanya libebe fundi anayepanda. Mfereji mmoja wa kina cha milimita 5 hufanya kazi kubwa, nao hauongezi hata gramu moja.

Wako wapendao bati lenye vijinundu, lile la ngazi za mabasi. Halitelezi, ni kweli, lakini hukamata matope na ni zito. Liwekwe juu pale penye visigino, lisiwe ndilo sakafu yenyewe.

ADUI WAWILI

Niliwahi kutazama gari moja la zamani katika gereji. Katikati, sakafu yake ya alumini ilikuwa nzima kabisa, waweza kuisugua ikang'aa. Lakini pale ilipolala juu ya boriti ya chuma palikuwa na unga mweupe, na kidole kilipita upande wa pili. Mwenyewe alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha bati la paa, na kiti cha abiria kilifungwa kwa bolti kwenye kiraka hicho. Fundi alikivuta kiti kwa mkono mmoja, kikang'oka pamoja na kiraka. Laiti gari hilo lingefunga breki kwa ghafula, abiria na kiti chake wangekwenda pamoja.

Wanafunzi wa fizikia wajua sababu ya unga ule. Weka metali mbili tofauti katika maji yenye chumvi, uziunganishe, na umepata betri. Katika betri hiyo metali moja huliwa. Kati ya alumini na chuma, anayeliwa ni alumini. Matope ya barabarani yana chumvi, na mkojo wa mifugo inayobebwa una chumvi zaidi.

Kinga ni kuzitenganisha. Paka fremu rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili na uiache ikauke. Upande wa chini wa bati nao upakwe. Kisha, kati ya bati na fremu, tandika gundi ya poliyurethini, ile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari, ambayo hubaki laini kama mpira. Ulaini huo una faida nyingine. Jua likipandisha joto kwa digrii 40, bati la mita 1.5 litarefuka milimita 1.38, na fremu ya chuma milimita 0.72. Gundi ngumu ingepasuka, hii hunyoosheka.

Funga kwa ribiti za alumini, na hata msumari wake wa katikati uwe wa alumini, kwa sababu ule wa chuma hubaki ndani ukaota kutu. Usitumie kamwe ribiti au skrubu za shaba. Ribiti ya milimita 4 ikae angalau milimita 8 kutoka ukingoni, na kati ya ribiti na ribiti iwe milimita 50 hivi. Mzunguko wa sakafu yetu ni mita 5.4, basi pembezoni peke yake zatakiwa ribiti 108. Anayepiga ishirini ametundika pazia. Kila tundu lisuguliwe kwa tupa ndogo mpaka kingo zake ziwe laini.

Adui wa pili ni udongo wetu mweusi wa mbuga. Wakati wa masika hunata chini ya gari kama uji mzito, ukashika unyevu siku nyingi. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba inayofanyika kwa hewa. Ikifunikwa na matope, hewa haifiki, na vishimo huanza. Acha matundu madogo ya kutolea maji katika pembe za chini, na oshea chini ya gari kwa maji matupu kila baada ya safari ya mvua. Usioshe kwa magadi wala kwa maji ya majivu, maana hayo huila alumini yenyewe.

Tena bomba la moshi likae mbali na sakafu, na kati yake iwekwe ngao ya bati la chuma yenye nafasi ya hewa pande zote mbili. Alumini huanza kupoteza nguvu kwenye joto la digrii 150 hadi 200, wakati bado yaonekana nzima.

KABLA HUJALIPA

Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mabati mengi ya paa yang'aayo kama fedha yana ngozi tu ya alumini na zinki, na ndani ni chuma chembamba. Ni bidhaa nzuri kwa nyumba, bali si alumini. Kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ikishika, ondoka.

Isiposhika, omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 ukipime. Kikiwa na unene wa milimita 1, kiwe na gramu 27; cha milimita 1.5 kiwe na gramu 40 na nusu. Kisha uliza namba. Muuzaji mwema ataonyesha alama iliyochapwa juu ya bati au karatasi ya kiwanda. Kama namba haipo, kikunje kipande hicho nusu duara juu ya bomba jembamba, utazame mgongo wake kwa makini. Kikijikunja kama nta bila kurudi, ni laini mno. Kikionyesha nyufa, ni kigumu mno. Wenye maabara waweza, mbele ya mwalimu na kwa kuvaa miwani, kudondosha tone la sodiamu haidroksaidi: aloi yenye shaba hugeuka nyeusi. Kumbuka pia kwamba alumini iliyoyeyushwa kutoka masufuria na vipande vya injini haijulikani mchanganyiko wake. Ni ya sufuria, si ya sakafu.

La mwisho ni hili, na mzazi yeyote mwenye gari alisikie. Viti na mikanda ya usalama visifungwe kamwe kwenye bati la sakafu peke yake, hata liwe 5052, hata liwe la milimita 3. Bolti zake lazima zipite mpaka kwenye fremu ya chuma. Na gari lililoundwa nyumbani halina budi kukaguliwa na kuandikishwa kwa sheria kabla ya kuingia barabarani.

Basi, wanafunzi, mtakapoona bati linang'aa, msiulize kwanza bei yake. Ulizeni namba, ulizeni ugumu, pimeni unene, kisha ulizeni litagusana na nini. Mtu aketiye ndani ya gari haioni sakafu, kwa kuwa ameikanyaga. Ameiacha mikononi mwa yule aliyeichagua.